Maswali yenu ya mkopo wa chuo: cheti cha kifo, asilimia na deni la miaka

Matokeo ya kidato cha sita yakikaribia, barua za mkopo wa elimu ya juu huja kwa wingi kuliko za jambo lingine lolote. Nyingi ni za wazazi, chache za wanafunzi, na zipo za watu wazima ambao bado wanakatwa mshahara kulipia mkopo wao. Nimezifupisha, nikaanza na ile iliyonigusa zaidi.

Shikamoo mwalimu. Binti yangu amemaliza kidato cha sita. Baba yake alifariki binti akiwa darasa la tatu, tukamzika kijijini, hatukuchukua cheti chochote. Kijana wa steshenari ameniambia bila cheti cha kifo mtoto atahesabiwa kuwa ana baba. Ni kweli? — Mama wa Nachingwea

Marahaba mama, na pole kwa kulea peke yako. Ni kweli. Fomu ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) inauliza kama wazazi wako hai, na anayejibu kwamba mzazi amefariki hupakia cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, yaani wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Bila cheti hicho uyatima wa binti hauingii kwenye tathmini, na uyatima ni moja ya sifa zinazompa mwombaji kipaumbele.

Usingoje dirisha la maombi lifunguliwe. Nenda kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua inayothibitisha msiba: jina kamili la marehemu, tarehe na mahali alipofia. Barua hiyo uipeleke ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ndiko kwenye dawati la RITA la vizazi na vifo. Kwa kuwa miaka imepita, huo ni usajili wa kuchelewa, na watataka ushahidi zaidi. Nenda na ndugu wa marehemu anayejua habari, na karatasi yoyote ya hospitali kama ipo. Cheti kikitoka, kazi haijaisha: kinaombewa uhakiki kwenye mfumo wa RITA wa mtandaoni, sawa na cheti cha kuzaliwa cha binti, na majibu ya uhakiki ndiyo yanayotumika kwenye fomu ya mkopo.

Sasa angalia majina, herufi kwa herufi. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema baba ni Saidi Hamisi, na barua ya kijiji ikaandika Saidi Hamisi Mkumba, mrudishie mtendaji hapo hapo kabla hajapiga muhuri. Ukishafika wilayani na majina mawili utaambiwa ukaape kwa wakili, na kiapo kina gharama yake.

Kama kaya yenu iko TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, binti ajaze namba ya kaya. Na akishachapa fomu, aipeleke kusainiwa na kugongwa muhuri wa serikali ya kijiji, kisha kwa hakimu au wakili, ndipo aipakie tena. Fomu iliyojazwa vizuri ikakosa sahihi moja ni fomu pungufu.

Niseme wazi, mama, kwa sababu hili si lako peke yako. Bajeti ya mikopo ilikuwa Shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21, na mwaka 2025/26 imevuka bilioni 900. Hiyo ni hatua kubwa na ya kweli. Lakini fedha zinapoongezeka namna hiyo na mtoto wa mjane akakosa kwa ajili ya karatasi, tatizo limehama kutoka hazina kwenda kwenye meza ya usajili. Mifumo ya serikali imeanza kusomana, ila kifo ambacho hakikusajiliwa hakisomwi na mfumo wowote. RITA ilishapeleka usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano kwenye ofisi za kata na vituo vya afya, na ukafanyika. Usajili wa vifo vya wazazi wa wanafunzi ufuate njia hiyo hiyo, tena mtoto akiwa bado kidato cha tano, si wiki ya mwisho ya maombi.

Mwalimu, mimi na mwenzangu tuko kozi moja, mwaka mmoja, bweni moja. Yeye kapata karibu kila kitu, mimi sikupewa ada hata shilingi. Tumetoka mkoa mmoja. Bodi inatumia kigezo gani? — Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Dodoma

Mkopo hautolewi kwa fungu moja. Kuna chakula na malazi, yaani bumu lenyewe, ambalo zamani lilikuwa Shilingi 8,500 kwa siku na sasa kiwango cha juu ni 10,000. Kuna vitabu na viandikwa, Shilingi 200,000 kwa mwaka. Kuna fedha za mafunzo kwa vitendo, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti, na ada. Uwezo wa familia ndio unaoamua upate kipi na kwa kiasi gani, na kwa wengi ada ndiyo inayopunguzwa kwanza.

Jiulize ulisoma wapi sekondari. Kama ulikuwa shule binafsi, tathmini inaona familia iliyomudu ada ile. Wapo waliosomeshwa na mfadhili, kanisa au mjomba, na hawakuweka barua ya mfadhili kwenye maombi. Hao huonekana wana wazazi wenye uwezo ambao kwa kweli hawapo. Kama wewe ni mmoja wao, tafuta barua hiyo sasa. Dirisha la rufaa hufunguliwa baada ya awamu za upangaji kutoka, na rufaa yenye kielelezo kipya husikilizwa. Ile ya kuandika tu kwamba maisha ni magumu haina cha kuhakiki. Anza kwenye akaunti yako ya SIPA, ile ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Bodi, na dawati la mikopo chuoni, na uende mapema, kabla foleni ya kusaini haijawa ndefu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Geita. Nakatwa asilimia 15 kila mwezi na naona deni haliishi. Tuliambiwa tozo imefutwa. Imefutwa kweli? — Mwalimu mwenzako

Imefutwa, na naomba uione kwa hesabu ndipo utajua ukubwa wake.

Tuchukue mtu mwenye deni la Shilingi milioni 10 na mshahara wa msingi wa 700,000. Asilimia 15 ni 105,000 kwa mwezi, yaani 1,260,000 kwa mwaka. Zamani deni liliongezewa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Kwa deni hilo, mwaka wa kwanza tozo peke yake ilikuwa Shilingi 600,000. Karibu nusu ya makato yote ya mwaka iliishia huko, deni lenyewe likasogea kidogo mno. Kwa mwendo huo mtu huyo angemaliza baada ya miaka kumi na moja hivi. Bila tozo anamaliza ndani ya miaka minane, mshahara usipopanda hata senti. Ukipanda, anamaliza mapema zaidi.

Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa tozo hiyo kwenye sherehe za Mei Mosi ya 2021 jijini Mwanza, ikakoma kuanzia Julai mwaka huo. Adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kurejesha nayo iliondolewa mwaka huo huo. Kwangu mimi hayo ni mageuzi makubwa kuliko yote yaliyofanyika kwenye mikopo hii tangu Bodi ilipoanza kazi mwaka 2005, kwa sababu yaligusa mfuko wa mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kumaliza.

Kilichobaki ni hiyo asilimia 15. Kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 ilikuwa asilimia 8. Naelewa sababu: marejesho yako ndiyo yanayomlipia mdogo wako bumu, na yakipungua mzigo wote unarudi hazina. Hata hivyo mwalimu mpya aliyepangiwa kijiji kigeni, mwenye kodi ya nyumba ya kulipa na mzazi wa kumtumia hela, akikatwa asilimia 15 pamoja na kodi ya mapato na mchango wa pensheni, hana pa kushika. Ningependa kuona makato yanayopanda ngazi kwa ngazi kufuata mshahara, wa chini akikatwa kidogo na wa juu zaidi. Hilo halijafanyika, na nitaendelea kulisemea.

Wewe omba taarifa ya deni lako, uilinganishe na hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha, na akichelewa adhabu ni yake, si yako. Ukiona mwezi umekatwa lakini haumo kwenye taarifa ya Bodi, peleka nakala ya hati ya mshahara na udai uingizwe.

Kijana wangu hakwenda kidato cha tano, amechaguliwa chuo cha afya ngazi ya stashahada. Mkopo si wa digrii tu? — Baba, Tabora

Ulikuwa wa shahada, sasa si hivyo tena. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 wanafunzi wa stashahada nao wanakopeshwa, ila kwa fani za kipaumbele: afya na sayansi shirikishi, ualimu na mafunzo ya ufundi, usafiri na usafirishaji, uhandisi wa nishati, madini na sayansi za ardhi, kilimo na mifugo. Afya imo. Asome mwongozo wa stashahada wa mwaka husika, kwa sababu ni tofauti na ule wa shahada, na aangalie kama kozi yake imetajwa kwa jina.

Nimelifurahia sana jambo hili. Kwa miaka mingi tulimkopesha daktari, tukamwacha tabibu na muuguzi wa zahanati wauziwe ng'ombe na mashamba ya familia.

Samia Skolashipu ni mkopo au ni zawadi? Na inaombwaje? — Mwanafunzi, Mbeya

Ni ufadhili, haurejeshwi. Ulianza mwaka 2022/23 kwa kutengewa Shilingi bilioni 3, kwa ajili ya waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa kidato cha sita katika tahasusi za sayansi na wanaokwenda kusoma sayansi, hisabati, uhandisi, teknolojia au tiba. Wizara ya Elimu hutangaza orodha ya wenye sifa. Ukiona jina lako, kamilisha maombi kwenye mfumo wa Bodi. Usipoliona, mkopo wa kawaida uko pale pale. Usimlipe mtu yeyote anayedai atakuingiza kwenye orodha.

Binamu yangu yuko upande wa pili wa mpaka. Anasema kwao serikali inamlipia mwanafunzi hadi asilimia 70 bure. Mbona sisi kila kitu ni deni? — Namanga

Binamu hajasema uongo, ila hajasema yote. Kenya ilizindua mfumo mpya Mei 2023, na kufikia 2024 wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma waligawanywa katika madaraja matano kwa kipato cha familia. Daraja la kwanza, la kaya zenye kipato kisichozidi Shilingi 5,995 za Kenya kwa mwezi, ufadhili ni asilimia 70, mkopo 25, na familia inalipa 5. Daraja la tano, la wanaozidi 120,000, familia inabeba asilimia 40. Mkopo wa shahada wa HELB, bodi ya mikopo ya Kenya, unatozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na sisi tozo yetu tumeiondoa.

Malalamiko makubwa kule yamekuwa ya watoto wa maskini kutupwa madaraja ya juu. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha katiba, na Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha hukumu hiyo. Mwaka 2025 serikali ikatangaza kupunguza ada. Ufadhili usiorejeshwa kwa aliye chini kabisa ni jambo jema, na hapa kwetu ningependa uende kwa mahitaji pia, usiishie kwa wenye alama za juu. Lakini kupima umaskini kumewashinda wote wawili kwa sehemu, wao na sisi.

Mimi ni wa Unguja. Niombe Bodi ya huku au ya bara? — Mwanafunzi

Zanzibar ina Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na HESLB inapokea maombi ya Watanzania wa pande zote. Soma miongozo yote miwili. Huwezi kunufaika na zote kwa wakati mmoja, na ukigundulika unaweza kukosa hata ile uliyokwisha kuipata. Vyeti vyako vya kuzaliwa na vifo vinahakikiwa na wakala wa usajili wa Zanzibar, usivipeleke RITA.

Nimemaliza chuo miaka minne iliyopita, sina ajira, naendesha bodaboda. Naogopa hata kufungua ujumbe wa Bodi. Deni langu likoje? — Mhitimu, Mwanza

Fungua huo ujumbe, kaka. Sheria inakupa miezi 24 baada ya kumaliza masomo, na muda huo umepita, kwa hiyo unahesabiwa kuwa mdaiwa. Lakini tozo ile ya asilimia 6 haipo tena kukuongezea deni kila mwaka, na adhabu ya kuchelewa iliondolewa. Kwa aliyejiajiri kiwango ni Shilingi 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, na najua kwa mwenye bodaboda ya mkataba laki moja ni fedha nyingi.

Usikae kimya. Nenda ofisi ya kanda ya Bodi hapo Mwanza na kitambulisho chako cha taifa na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, ndiyo inayotumika kukutafuta kwenye mfumo. Chukua taarifa ya deni, waeleze kipato chako kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kisha omba namba ya kumbukumbu ya malipo ulipie kwa simu chochote unachoweza. Siku ukipata ajira mwambie mwajiri mapema kwamba ulikopa, maana ana siku 28 za kuijulisha Bodi.