Shangazi, ikiwa mimi ni roho, mbona mgongo unaniuma?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Namuuguza baba yangu aliyepooza upande mmoja. Katika kikundi chetu cha tafakuri tunafundishwa kwamba sisi si binadamu wanaotafuta mambo ya roho, bali ni roho zinazopitia maisha ya binadamu, na mwili ni vazi tu. Mwanzoni hayo yalinipa nguvu. Siku hizi nikiamka usiku kumgeuza baba, mgongo unaniuma, usingizi umenielemea, namkaripia. Kisha najiona nimeshindwa kiroho. Kiongozi wetu anasema nimeung'ang'ania mwili. Ni kweli?
Mwenye Vazi Zito

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo kiongozi wako amewahi kumgeuza mgonjwa saa tisa za usiku? Nauliza tu.

Maneno mnayofundishwa watu humpachika Teilhard de Chardin, kasisi na mwanasayansi Mfaransa aliyefariki 1955, ingawa ushahidi kwamba aliyaandika haujapatikana. Linalojulikana ni kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza alibeba majeruhi kwa machela. Mgongo wake nao ulikuwa na kazi.

Hilo la vazi ni la kale, limo katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Lakini tazama aliyeambiwa ni nani: Arjuna, mpiganaji aliyeketi kwa majonzi, hataki kuendelea. Aliambiwa ili ainuke akatimize wajibu wake. Wewe hujaketi, mwanangu. Unaamka kila usiku, halafu maneno yaleyale yanageuzwa fimbo ya kukuchapia.

Descartes naye, mwanafalsafa Mfaransa aliyetenganisha roho na mwili kuliko wengi, aliandika mwaka 1641 kwamba hakai mwilini mwake kama baharia akaavyo chomboni. Baharia huona tu kwamba chombo kimevunjika. Sisi tukijeruhiwa, tunaumia. Basi maumivu yako hayaonyeshi kwamba roho imelala. Yanaonyesha kwamba wewe na mgongo huo ni mtu mmoja.

Mimi naamini tuna roho, wala sioni haya kulisema. Ila roho yako ingemhudumia baba kwa kitu gani kama si kwa hiyo mikono? Unapochovya kiwiko kujua kama maji yamepoa kiasi, unapomfuta kuanzia kwenye kona ya jicho, taratibu, kwa sababu upande ule hawezi kupepesa vizuri, hapo unatafuta ibada gani nyingine? Tafakuri ya kufumba macho ni nzuri, nami huifanya. Sidhani inaizidi hiyo.

Kukaripia ni jambo jingine. Mtu asiyelala hukaripia, awe mtawa au mchuuzi. Ukimkaripia, mwombe radhi palepale, mmalizie kumgeuza, yaishe.

Na mgongo tuutazame kama mgongo. Muulize muuguzi au mtaalamu wa viungo akuonyeshe namna ya kumgeuza kwa shuka iliyokunjwa chini ya nyonga zake: unaivuta kwako, magoti umeyakunja, huinamii kiuno. Kitanda kikiwa chini sana, kiinueni. Hujaniambia kama una ndugu. Kama wapo, wataje kwa majina na uwape usiku wao, hata kama wao hupenda zaidi kuombea kwa mbali. Kikundi usikiache, lakini usiku wa zamu ya ndugu zako, lala.