Je, dola 1,000 katika kampuni moja inayolipa gawio hufika milioni?

Swali: Mimi ni mwalimu, ninakaa Katuba hapa Lubumbashi. Mtu mmoja anayeuza huduma za uwekezaji alituonyesha, mimi na wenzangu wa likelemba (chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu), hesabu ya kampuni ya mafuta ya Marekani: aliyeweka dola 1,000 mwaka 1950, akanunua hisa zaidi kwa kila gawio alilolipwa (yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwapa wenye hisa), alikuwa na zaidi ya dola milioni moja mwaka 2003. Je, hesabu hiyo ni ya kweli? Na je, inafaa niweke akiba yangu yote katika kampuni moja ya namna hiyo, niwaachie wanangu?

Jibu: Mama mwalimu, hesabu hiyo ni ya kweli. Aliyeifanya ni Jeremy Siegel, profesa wa fedha wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alipolinganisha Standard Oil ya New Jersey, ndiyo kampuni hiyo ya mafuta, ambayo leo ni sehemu ya ExxonMobil, na IBM, kampuni ya kompyuta. Katika miaka hiyo 53 bei ya hisa ya IBM ilipanda kwa wastani wa asilimia 11.41 kila mwaka, na ya Standard Oil asilimia 8.77 tu. Hata hivyo dola 1,000 za Standard Oil zilifika takriban 1,260,000, na zile za IBM 961,000. Tofauti hiyo ililetwa na gawio: Standard Oil ililipa kila mwaka wastani wa asilimia 5.19 ya bei ya hisa, IBM asilimia 2.18, na kila gawio liliponunua hisa nyingine, hisa hizo nazo zilianza kulipa gawio lake. Mtu aliyetumia gawio lake lote nyumbani angebaki na hisa za Standard Oil zenye thamani ya karibu dola 86,000. Kwa hiyo sehemu kubwa mno ya ile milioni ilitokana na nidhamu ya kutoligusa gawio kwa zaidi ya nusu karne.

Sasa tuje kwa jambo ambalo muuzaji hakuwaambia, nalo linakuhusu wewe kuliko linavyomhusu Mmarekani. Marekani hukata kodi ya asilimia 30 kwenye gawio la mgeni anayeishi katika nchi isiyo na mkataba wa kodi nayo, na Kongo haina mkataba huo. Kodi hiyo hukatwa kabla pesa haijakufikia, kwa hiyo kiasi cha kununulia hisa mpya hupungua kila mara. Nimeirudia hesabu ya Siegel nikiondoa asilimia 30 ya gawio kila mwaka tangu mwanzo: Standard Oil inafika takriban dola 570,000, na IBM takriban 685,000. Mshindi amebadilika! Kampuni inayolipa gawio kubwa, ambayo ndiyo muuzaji anayoisifu, ndiyo inayoumizwa zaidi na kodi hiyo, na bado sijatoa ada za dalali wala gharama za kutuma pesa. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu takwimu zinazozunguka kwenye simu zetu huandikwa kana kwamba kila msomaji anaishi New York.

La pili ni kwamba kampuni hizo mbili tunazijua kwa sababu zilidumu. Hendrik Bessembinder wa Chuo Kikuu cha Arizona State alichunguza hisa karibu 26,000 za Marekani kati ya 1926 na 2016, gawio likiwemo, akakuta kwamba ni asilimia 42.6 tu zilizoleta faida kuliko hati ya muda mfupi ya deni la serikali (yaani kuikopesha serikali pesa kwa muda mfupi) katika maisha yake yote sokoni, na kwamba utajiri wote uliozidi faida ya hati hizo ulitokana na takriban asilimia 4 ya kampuni. General Electric, kampuni ya umeme na mashine, ilikaa katika fahirisi ya Dow Jones (kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani) mfululizo tangu 1907 hadi 2018, na wazee wengi wa Marekani waliitegemea kwa gawio. Ilipunguza gawio hilo mwaka 2009, ikalikata nusu mwaka 2017, na mwaka 2018 ikalishusha hadi senti moja kwa robo mwaka.

Sisi wa Lubumbashi tuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka uleule wa 1950, mtu wa Bruxelles aliyetafuta hisa imara yenye gawio angeweza kabisa kuchagua Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, yenye shaba, kobalti na urani ya Shinkolobwe. Madini yalikuwepo, wateja walikuwepo. Lakini tarehe 1 Januari 1967 mali zake zote za Kongo zilikuwa mikononi mwa serikali, katika shirika ambalo baadaye liliitwa Gécamines. Kampuni yenyewe iliendelea kuishi Ubelgiji, na tangu 2001 inaitwa Umicore, ila migodi iliyokuwa imelipa gawio kwa miongo mingi haikuwa yake tena. Hatari ya namna hiyo haionekani katika wastani wa gawio la miaka iliyopita, hata ukiupiga kwa uangalifu gani.

Kwa hiyo, mama, usiweke akiba yote katika kampuni moja, na pesa ya masomo ya watoto isiingie sokoni kabisa. Kwa ile inayoweza kukaa miaka 15 au zaidi, ningechagua mfuko wa uwekezaji unaofuata fahirisi ya soko pana, yaani unaonunua hisa za kampuni nyingi kwa pamoja, uliosajiliwa Ireland na unaowekeza gawio wenyewe, kwa kuwa mkataba wa Ireland na Marekani hupunguza kodi ya gawio hadi asilimia 15. Kuna sababu nyingine, nayo inagusa nia yako ya kuwaachia wanao: mgeni asiyeishi Marekani akifariki akiwa na hisa za kampuni za Marekani, sehemu inayozidi dola 60,000 hutozwa kodi ya urithi inayoweza kufika asilimia 40, wakati mfuko wa Ireland hauhesabiwi kuwa mali iliyo Marekani. Mwulize muuzaji wenu maswali hayo mawili, la kodi ya gawio na la kodi ya urithi, naye akujibu kwa maandishi kabla hujampa hata dola moja.