Tajikistan kwa gari la kuchangia: mambo ya kujua kabla hujapanda Pamir

Tangu nimerudi kutoka Tajikistan watu wananiuliza maswali mawili, la kwanza ni wapi huko, la pili ulienda na nani. Iko Asia ya Kati, imepakana na Afghanistan, Uzbekistan, Kyrgyzstan na China, na nilienda peke yangu, begi moja la mgongoni, wiki tatu na nusu kati ya mwezi wa saba na wa nane 2023. Nilipokuwa natafuta habari kabla ya kuondoka sikupata hata ukurasa mmoja wa Kiswahili, kwa hiyo huu hapa, uchukue utakachokihitaji.

Kwanza kabisa elewa kwamba kule safari inategemea kiti. Mabasi ya kwenda milimani ni ya kuhesabu, watu wanasafiri kwa magari ya kuchangia, Land Cruiser au Delica kwa njia mbaya, Opel kwa njia nzuri, na gari linaondoka likijaa kama Noah zetu tu. Siku niliyotoka Dushanbe, mji mkuu, kwenda Khorog, mji wa kwenye milima ya Pamir, nilifika stendi saa kumi na moja alfajiri, dereva akaniambia "hozir", yaani sasa hivi, na hiyo sasa hivi ilikuja saa nne asubuhi alipopatikana abiria wa mwisho. Sikukasirika kwa sababu nilishakunywa chai na nusu ya watu pale, ila mtu aliyepanga kulala sehemu fulani usiku ule ule angeumia. Ni zaidi ya kilomita 500, mimi nilitumia saa 17 njiani, na sehemu kubwa ya barabara iko pembeni ya mto Panj, mto ndio mpaka, ng'ambo ni Afghanistan. Unawaona watu wa ng'ambo wanavuna, watoto wanaogelea, punda wanapita kwenye njia nyembamba iliyochongwa kwenye mwamba. Ukienda Khorog kaa upande wa kulia, mto wote uko upande huo. Kiti cha mbele ni ghali zaidi na kinawahiwa mapema, kama una mgongo mbovu lipia tu.

Bei usimuulize dereva, waulize abiria wenzako, hasa akina mama, watakwambia bei halisi na wengine watakusaidia kubishana. Na usilipe hela yote kabla gari halijaondoka. Kuna dereva mmoja nilimlipa jioni ili anishikie kiti cha kesho yake, asubuhi nikakuta gari limeshaondoka, hela ilirudi baada ya siku mbili na baada ya wazee wa pale stendi kuingilia. Siku hizi nalipa nikishakaa na mlango ukishafungwa.

Kuhusu makaratasi: kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dubai mpaka Dushanbe, visa inaombwa mtandaoni, angalia kwanza kama pasipoti yako iko kwenye orodha maana orodha hubadilika. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuomba kibali cha GBAO, huo ndio mkoa wa Badakhshan wenye milima ya Pamir, weka tiki hapo hata kama bado hujaamua kwenda. Toa kopi kumi za pasipoti na kopi kumi za kibali. Njiani kuna vizuizi vingi, askari anataka kuandika jina lako kwenye daftari, ukimpa kopi gari zima linakushukuru kwa sababu mnaondoka haraka.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifurahisha kuliko vyote, lugha. Kitajiki ni ndugu ya Kiajemi cha Iran na kimejaa maneno ya Kiarabu, na sisi Waswahili tulichota kwenye visima hivyo hivyo. Siku ya pili tu sokoni nikaanza kusikia maneno ninayoyajua: kitob, qalam, daftar, javob, khabar, vaqt, dunyo, asal, sobun. Sambusa wanaita sambusa, ila yao inaokwa kwenye tanuri la udongo. Ukimaliza kula unaomba hisob. Safari ni safar na msafiri ni musofir, na mwanaume wa makamo unamwita amak, ambayo ni ami yetu ile ile. Nikawa nikikaa kwenye gari nawauliza watu hili mnaliitaje na sisi tunaliitaje, saa nne za barabara mbovu zinaisha hatujui zimeishaje. Hata jina la Dushanbe maana yake ni Jumatatu, mji ulianza na soko la Jumatatu, na wenzetu wanahesabu siku kama sisi: yakshanbe, dushanbe, seshanbe, chorshanbe, panjshanbe, moja mpaka tano, halafu Ijumaa wanasema juma. Tofauti ni kwamba wao wanaanza kuhesabu Jumapili na sisi Jumamosi. Nilipomweleza hivyo mwalimu mmoja wa shule tuliyekaa naye siti moja aliandika kwenye daftari lake akasema kesho atawafundisha watoto.

Kwa hiyo andaa daftari la maneno 50 kabla hujaondoka, na jifunze kusoma herufi za Kirusi, wiki moja inatosha kabisa. Jina la mji kwenye kioo cha gari limeandikwa kwa herufi hizo, bila hivyo utakuwa unamuuliza kila mtu. Kirusi nacho kinasaidia sana kwa watu wazima. Ukisalimia, "assalomu alaykum" na mkono wa kulia kifuani, milango inafunguka.

Kaskazini nitapita haraka maana ni rahisi, barabara ni ya lami. Khujand nenda soko la Panjshanbe, Istaravshan ukaone wahunzi wa visu wakiwa kazini, halafu Penjikent ambako kuna magofu ya mji wa Wasogdia, watu wa kale wa eneo hilo, juu ya kilima, na kutoka hapo chukua gari mpaka Haft Kul, maziwa saba yaliyopangana bondeni moja juu ya jingine, kila moja na rangi yake. Mimi nililala kwenye nyumba ya familia karibu na ziwa la Marguzor, kesho yake nikatembea kwa miguu mpaka la saba, Hazorchashma, maana yake chemchemi elfu. Toka asubuhi na mapema, jua la mchana halina huruma.

Khorog ndiko moyo wangu ulikobaki. Watu wa Badakhshan wengi ni Waismailia, Washia ambao imamu wao ni Aga Khan, na mtu wa Afrika Mashariki anafika na kitu mkononi bila kujua. Kwenye nyumba ya kwanza niliyolala niliona picha ya Aga Khan ukutani, nikawaambia kwamba kwetu Dar kuna hospitali yenye jina lake na kuna jamatkhana, nyumba yao ya ibada, pale mjini, na Mombasa, na Nairobi. Mama mwenye nyumba akaita majirani. Walinisimulia vita vya wenyewe kwa wenyewe, vile vya 1992 mpaka 1997, jinsi njia zilivyofungwa wakakosa unga na jinsi malori ya chakula ya shirika la Aga Khan yalivyofika, na ile 1995 alipokuja mwenyewe kwa mara ya kwanza. Wazee walikuwa wanalia wakisimulia. Ningekuwa naongea Kirusi vizuri ningekaa mwezi mzima kusikiliza.

Nyumba zao ukiingia angalia juu na uhesabu nguzo. Ziko tano, kila moja ina jina, Muhammad, Ali, Fatima, Hasan na Husayn, na kwenye paa kuna dirisha la miraba minne iliyopandana, ardhi, maji, upepo na moto. Uliza nguzo ipi ni ya nani na watakueleza kwa furaha. Mkate usiuweke kifudifudi na usiuache chini kamwe. Chai ikimiminwa kidogo kwenye kikombe usidhani wanakubania, wanataka wakuongezee mara nyingi. Asubuhi utapewa shirchoy, chai ya maziwa yenye chumvi na siagi, unachovya mkate, siku ya kwanza ulimi unashangaa, siku ya tatu utaililia. Watu watakukaribisha nyumbani kila unapopita. Mimi nilikuwa nakataa kwa upole mara ya kwanza na ya pili, akirudia ya tatu naingia. Na pesa wengi watakataa, kwa hiyo beba zawadi. Nilichukua khanga tatu na kahawa ya Kilimanjaro, khanga moja ilikuwa imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone", nikampa bibi mmoja kule kijiji cha Langar, mjukuu wake akamtafsiria, bibi akajifunga hapo hapo juu ya gauni lake la maua na akakataa kuivua mpaka naondoka.

Hapa sasa nisikilize vizuri. Mimi ni mtu wa Moshi, Horombo, ile kambi ya Mlima Kilimanjaro, nimeshafika, nikajiona mlima naujua. Murghab, mji wa mashariki ya Pamir, iko kama mita 3,600, yaani karibu sawa na Horombo, na kutoka Khorog gari linakufikisha kwa siku moja tu likipita njia ya mlimani ya Koitezek yenye mita 4,272. Kule kwetu unatembea siku mbili kufika Horombo, mwili unapata muda. Mimi nilikwenda mara moja kwa sababu kiti kilipatikana, usiku nikaumwa kichwa ambacho sijawahi kukiona, nikatapika, nikawa naamka natafuta pumzi. Mama wa gesti alikaa na mimi mpaka alfajiri akinipa chai kidogo kidogo, na asubuhi alinitafutia gari la kushuka. Nilishuka mpaka Khorog, kichwa kikaisha njiani, nikapumzika siku mbili halafu nikapanda upya kwa njia ya bonde la Wakhan: nikalala Ishkashim, nikasimama Yamchun kuona ngome na kuoga maji moto ya Bibi Fatima, wanawake zamu yao na wanaume zamu yao, nikalala Langar mara mbili, ndipo nikapanda. Safari hiyo nilikula na kulala kama kawaida. Fanya hivyo tangu mwanzo. Diamox, ile dawa ya ugonjwa wa mwinuko wanayopewa wapanda Kilimanjaro, ongea na daktari wako kabla hujaondoka, na ukianza kuchanganyikiwa au kikohozi kikazidi shuka usiku huo huo, usisubiri asubuhi.

Kusafiri mwanamke peke yako: nilijisikia salama kuliko miji mingi niliyokaa. Kwenye gari unapangwa na wanawake, gesti ni nyumba za familia. Utatazamwa sana kwa sababu mtu mweusi hawajamzoea, watoto watakufuata, watu wataomba kupiga picha, nywele zangu za rasta ziliguswa na mabibi wengi mno, mara nyingi wakiomba kwanza. Nilichoamua ni kusema ndiyo nikiwa na nguvu na "rahmat, ne" nikiwa nimechoka, hakuna aliyenuna. Dada zangu mnaovaa hijabu mjue kwamba 2024, baada ya mimi kurudi, walipitisha sheria inayokataza mavazi wanayoyaita ya kigeni kwa utamaduni wao, na inayolengwa ni hijabu. Wanawake wa kule wanafunga kitambaa kwa nyuma ya shingo, ukifunga hivyo unafanana na wenyeji.

Pesa badilisha Dushanbe, somoni, ndiyo pesa yao, za kutosha safari nzima na noti ndogo ndogo, ukishaondoka Khorog usitegemee ATM wala bando. Murghab soko ni makontena yamepangwa kwenye uwanja wa vumbi, biskuti, soksi, vitunguu, betri, vitu vya msingi. Wakazi wengi ni Wakirgizi, wanafuga yaki, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, na baridi ya usiku mwezi wa nane ni ya koti zito.

Nilitaka kuendelea mpaka Osh upande wa Kyrgyzstan, kupitia njia ya mlimani ya Ak-Baital yenye mita 4,655, karibu sawa na kibanda cha Kibo kule Kilimanjaro. Mwaka huo mpaka ulikuwa umefungwa kwa sababu ya mapigano ya Tajikistan na Kyrgyzstan ya 2021 na 2022, kwa hiyo ilibidi nirudi nilikotoka. Mwezi wa tatu 2025 nchi hizo mbili zilisaini makubaliano ya mpaka, ila uliza hali ya njia ukiwa Khorog, madereva ndio wanajua. Kurudi nako kulikuwa na yake, mwezi wa saba na wa nane joto linayeyusha barafu juu milimani, mchana mito inajaa na tope linashuka barabarani, tulikaa usiku mzima kabla ya mji mdogo wa Kalai-Khumb tukisubiri greda. Abiria wakatandika shuka pembeni ya gari, wakakata tikiti, mtu akatoa mkate. Kwa tarehe ya ndege nilikuwa nimeacha siku tatu za ziada, zikatumika mbili.