Binti anaogelea kila jioni, sikio haliponi

SWALI: Daktari, shikamoo. Binti yangu wa miaka 12 yumo katika timu ya kuogelea ya shule na huwa bwawani karibu kila jioni. Sikio lake la kulia huanza kuwasha, kisha huuma hata hawezi kulilalia. Matone ya dukani humtuliza, lakini maumivu hurudi. Kila akitoka majini mimi humsafisha kwa vijiti vya pamba hadi nta yote iishe. Je, nimkataze kuogelea? – Mama mzazi, Mombasa.

JIBU: Marahaba, mama. Kuogelea aendelee nako akishapona. Kinachopaswa kukoma leo ni hivyo vijiti vya pamba. Nta unayoiondoa kwa bidii ndiyo kinga ya sikio, kwani huzuia maji yasiilowanishe ngozi na ina uchachu kidogo ambao bakteria hawaupendi. Mtu akikaa majini kwa muda mrefu, ngozi ya ndani ya sikio hulainika kama vidole vya mfua nguo, na kijiti kikipita hapo huikwaruza na kuisukuma ndani zaidi nta iliyosalia. Bakteria wapendao unyevu, hasa wale waitwao Pseudomonas, huingia kupitia mikwaruzo hiyo.

Akitoka majini, ainamishe kichwa upande huku akivuta sikio taratibu juu na nyuma, ili mfereji unyooke na maji yatoke, kisha afute sehemu ya nje tu kwa ncha ya taulo. Mashine ya kukaushia nywele pia inafaa, mradi iwe katika joto la chini kabisa na ishikwe umbali wa sentimita 30 hivi. Vizibo laini vya silikoni pamoja na kofia ya kuogelea husaidia. Pamba kavu haisaidii, kwa sababu hunyonya maji na kuyahifadhi mlemle sikioni.

Wapo waogeleaji wanaotia matone ya siki nyeupe iliyochanganywa kwa kiasi sawa na spiriti ya kusafishia ngozi. Mchanganyiko huo hukausha sikio na kurudisha uchachu wake, lakini ni wa sikio lisilo na tatizo pekee: asiutumie mwenye kiwambo (ngozi nyembamba iliyo mwisho wa mfereji wa sikio) kilichotoboka, mwenye mirija midogo iliyowekwa sikioni na daktari, wala mwenye maumivu, kwa hiyo binti yako asubiri. Mafuta ya taa na mafuta ya kupikia, ambayo bado nasikia yakisifiwa, yasitiwe kabisa.

Muulize pia msimamizi wa bwawa kuhusu vipimo vya maji. Klorini isipungue miligramu 1 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 7.0 na 7.8, maana pH ikipanda klorini hupoteza nguvu.

Kwa kuwa tatizo hurudi baada ya dawa, mpeleke akachunguzwe sikio kwa kifaa chenye taa. Muwasho wa namna hiyo wakati mwingine hutokana na fangasi, ambao matone ya antibiotiki hayawaui na huweza hata kuwapa nafasi ya kuongezeka. Wakati wa matibabu akae nje ya maji kwa siku 7 hadi 10, na amalize dozi hata maumivu yakiisha mapema. Akipata homa, au uvimbe nyuma ya sikio, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.