Kwa maji ya zamu, chukua mashine ya kufulia ya mapipa mawili

Dada, umeuliza ununue mashine gani ya kufulia nguo, na umesema mko watu sita hapo Ujiji na maji yanatoka kwa zamu. Basi chukua ile ya mapipa mawili, moja la kufulia, jingine la kukamulia. Unaijaza hata kwa ndoo, na maji ya kusuuzia nguo nyeupe unafulia za rangi.

Ya mlango wa mbele inafua vizuri zaidi na hutumia maji kidogo, hilo ni kweli kabisa. Ila inataka maji yenye msukumo. Tanki lililokaa juu ya matofali matatu halitoshi: kila mita 10 za kimo ndiyo baa 1 ya msukumo. Kijitabu cha mashine kinaandika inataka baa ngapi, kisome kabla hujalipa, tafadhali.

Kilo zinazoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu. Kwa watu sita nisingeshuka chini ya 8, mashuka peke yake yanajaza.

Na uliza kwanza kama fundi na vipuri vipo hapo mjini. Kuirudisha Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, na nauli ya mzigo utailipa wewe.