Wengu, kongosho na ujauzito
Dada wa Tukuyu, umeuliza iwapo mdogo wako mjamzito, aliyeondolewa wengu baada ya ajali, atapungukiwa insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu. Insulini hutengenezwa na seli beta za kongosho, ambazo wakati wa ujauzito huchochewa na homoni za kondo la nyuma ili zizalishe zaidi. Kwa hiyo nakusihi mumuulize daktari kama mkia wa kongosho, unaopakana na wengu, ulikatwa pia. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vipimo: pasipo wengu, chembe nyekundu kuukuu, ambazo sukari huzidi kuzishika kadiri zinavyoishi, hukawia kuondolewa katika damu, na kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 huweza kusomeka juu kuliko hali halisi. Aombe kile cha kunywa glukosi gramu 75, kati ya wiki ya 24 na 28, hata ikibidi asafiri hadi Mbeya mjini.