Hesabu dakika za kibodi kabla ya kuhesabu kompyuta

Siku ya makabidhiano, shule ya kata ya Arusha au Kilimanjaro yenye kompyuta 20 huonekana imeukata. Utepe unakatwa, diwani anapigwa picha, wazazi wanapiga vigelegele. Swali lisiloulizwa siku hiyo ni moja: mtoto wa kidato cha kwanza atashika kibodi dakika ngapi kwa wiki?

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua mkondo wa wanafunzi 50 na vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80. Toa dakika 10 za kutoka darasani, kukaa na kuwasha mashine. Zinabaki 70. Zidisha kwa kompyuta 20, gawa kwa wanafunzi 50: kila mtoto anapata dakika 28. Ukifika mwaka wa pili mashine sita zimekufa, umebaki na 14, na mtoto anapata dakika 19 na ushei. Mashine hizo zikichelewa kuwaka dakika tano zaidi, amebaki na 18. Kabla ya kuomba kompyuta nyingine kumi, tafuta hizo dakika kumi zilizopotea zimekwenda wapi. Mara nyingi zimo humohumo chumbani.

Mwizi wa kwanza ni umeme. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na skrini yake hula kama wati 120. Zikiwa 20 ni wati 2,400, na kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni ampea 10 na nusu. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, kwa hiyo kwenye karatasi inatosha. Hapo ndipo watu wanapoungua. Wanachomeka ekstensheni ndani ya ekstensheni, nne kwa mstari, zote zikining'inia kwenye soketi moja ya ukutani. Ampea 10 zikipita kwa saa sita kwenye mguso uliolegea, plastiki inayeyuka. Dalili ya mwanzo ni harufu, ikifuatiwa na plagi iliyogeuka rangi ya chai upande mmoja. Ukiiona, usibadilishe plagi peke yake. Soketi nayo imeshalegea meno na itachoma plagi mpya vilevile.

Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, si yule anayefunga taa za harusi. Avute waya wa milimita za mraba 2.5 kuzunguka chumba, wenye breka yake peke yake kwenye boksi, na soketi pacha ukutani juu kidogo ya meza ili deki isizifikie. Halafu ethi, waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Ukigusa boksi la chuma la kompyuta ukahisi kama sisimizi wanakutembea vidoleni, jua waya wa ethi haupo au umekatika mahali. Watoto watakwambia "inapiga shoti kidogo". Usiwazoeze. Zima breka, ita fundi.

LUKU nayo ina usemi wake. Hizo kompyuta 20 za mezani, saa sita kwa siku, ni yuniti 14.4. Kwa siku 22 za masomo ni yuniti 317 hivi kwa mwezi. Laptop 20 zinazokula wati 30 kila moja ni yuniti 79 tu. Msaada wa kompyuta kubwa za mezani unaweza kukusababishia chumba kifungwe tarehe 20 ya kila mwezi kwa sababu yuniti zimeisha na fedha ya uendeshaji haijaingia. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua laptop au zile kompyuta ndogo za mezani zenye ukubwa wa kitabu kinene. Wanaofikiria sola wapime kwa mwezi mbaya, si kwa Januari. Kwenye mteremko wa Kilimanjaro, Kibosho hadi Machame, wingu la Juni na Julai linaweza kukaa kutwa nzima, na mfumo uliopigiwa hesabu kwa jua la Februari utawaacha gizani.

Sasa mashine za msaada, ambazo ndizo nyingi. Kabla hujachomeka kompyuta ya mezani iliyotoka Marekani, igeuze nyuma. Karibu na tundu la waya wa umeme kunaweza kuwa na swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 ukaichomeka kwenye volti 230 za huku Ngarenaro au Pasua, utasikia mlio mmoja kama wa baruti na moshi utatoka. Isogeze kwa bisibisi hadi 230 isomeke, ndipo uchomeke. Ni kazi ya sekunde tano, na kuisahau kunaweza kuua mashine za mzigo mzima asubuhi moja.

Uliza pia aina ya diski. Mashine yenye diski ya zamani inayozunguka huwaka kwa dakika nne, tano. Ibadilishe kwa SSD, diski mpya isiyozunguka, ya GB 240 na itawaka ndani ya nusu dakika. Ukiwa na fedha kidogo, itie hapo kabla ya kitu kingine chochote. Ya pili ni RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine: GB 4 inafanya kazi kwa kulalamika, GB 8 inatosha kwa miaka. Kuhusu Windows 10, Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Nyingi ya mashine za msaada ziko chini ya hapo. Usizitupe, na usiweke Windows ya kuiba inayokuja na virusi vyake. Weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, pamoja na LibreOffice, programu za bure za barua na majedwali. Mtoto aliyejifunza kupanga jedwali humo hapotei akikutana na Excel ofisini.

Kuna kidubwasha kimoja cha shilingi chache kinachofungia watu vyumba. Kompyuta ikikaa imechomolewa muda mrefu inaanza kuonyesha mwaka 2009 au 2012. Kisha kivinjari kinagoma kufungua kurasa kikisema si salama, na mwalimu anaamini mtandao umekufa. Mtandao ni mzima. Ni betri ya bodi, ya duara kama sarafu, iliyoandikwa CR2032, ya volti 3. Nunua 20 kwa mpigo, badilisha zote siku moja, rekebisha saa. Weka maandishi ya betri yakitazama juu.

Mtandao wa ndani wa chumba hauhitaji bando. Kompyuta moja ndogo, ndiyo seva, yenye Kolibri, ambayo ni programu ya bure ya kujifunzia bila intaneti, inahudumia chumba kizima kwa kebo na swichi ya mtandao ya matundu 24, kisanduku kinachounganisha kebo zote. Wanafunzi wanaandika anwani kwenye kivinjari, mathalani 192.168.1.10:8080, masomo yanafunguka. Tatizo linaloonekana kila baada ya umeme kukatika ni anwani kubadilika: ruta, kifaa kinachogawa anwani za mtandao, imewaka upya, imeigawia seva namba nyingine, na anwani iliyoandikwa ubaoni haifungui kitu. Ingia kwenye ruta, ifungie seva namba yake ya kudumu. Seva hiyo, na hiyo peke yake, ipewe UPS, betri inayoishikilia umeme ukikatika. Ya VA 650 inatosha. Kununua UPS kwa kila kompyuta ni kununua betri 20 zitakazokufa pamoja baada ya miaka miwili au mitatu.

Kebo mtatengeneza wenyewe, na hapa kosa lina sura yake. Rangi zinakwenda hivi, klipu ya plagi ikitazama chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mkono wa anayeanza hutaka kuweka kijani jirani na nyeupe-kijani kwa kuwa ni ndugu, na akarudia hivyo ncha zote mbili. Kipimio cha kebo kitawasha taa zote nane kwa utaratibu, na kebo itaonekana nzima. Ikiwa fupi itabeba. Ikiwa ndefu mtandao unakuja na kuondoka, faili linakwama katikati. Sababu ni kwamba nyaya mbili zinazobeba ishara moja lazima ziwe zimesokotwa pamoja ndani ya kebo ili zifute kelele, na wewe umezitenganisha. Kata ncha, anza upya. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13.

Flashi ni balaa jingine. Mtoto anakuja na flashi kutoka steshenari, folda zake zote zimegeuka njia za mkato, analia kazi imepotea. Haijapotea, imefichwa. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, ingia kwenye flashi, andika attrib -h -r -s /s /d *.* na vitarudi. Kisha futa zile njia za mkato bila kubofya hata moja. Kwenye Linux kirusi hicho hakina pa kushika, sababu nyingine ya kuipenda.

Tuje kwenye kufundisha. Muhtasari wa Sayansi ya Kompyuta wa Taasisi ya Elimu Tanzania unataka mwanafunzi aandike programu, siyo aishie kukoleza maandishi kwenye barua. Lakini wanafunzi watatu kwenye mashine moja wakiachwa hivihivi, mmoja anaandika mwaka mzima na wawili wanatazama, kwa kawaida wa pembeni wakiwa wasichana. Wapange kama haisi ya Kilombero, Arusha: dereva anashika kibodi na hasemi cha kuandika, kondakta ndiye anayeamuru kila mstari, abiria ana daftari na anawinda makosa. Kila dakika nane piga kengele, wahamie kiti cha kulia. Kengele iwe ya kweli, ya kusikika. Ukitegemea "badilishaneni" hawabadilishani.

Anza na Scratch, ya kupanga programu kwa vitalu vya amri, wiki nne au tano, maana ina Kiswahili kwenye orodha ya lugha na inafanya kazi bila intaneti. Baadaye Python, lugha ya kuandikia programu, kupitia programu ya Thonny, ambayo huja na kila kitu ndani yake. Maneno ya amri ni ya Kiingereza na yatabaki hivyo, ila majina ya vitu yawe yao: bei, nauli, idadi. Kosa utakalolikuta kwenye kila skrini siku ya tatu ni hili:

bei = input("Bei ya andazi: ")
print(bei * 3)

Mtoto anaandika 500 akitegemea 1500. Skrini inamjibu 500500500. Darasa linacheka, na usikimbilie kutoa jibu. Kilichoingia kupitia kibodi kimepokelewa kama maandishi, na maandishi ukiyazidisha kwa tatu yanarudiwa mara tatu. Mstari bei = int(bei) ukiwekwa katikati, andazi linarudi bei yake. Nusu kipindi kwenye kosa hilo moja kinafundisha tofauti ya namba na maandishi kuliko ukurasa mzima wa kunakili ubaoni.

Umeme ukikatika somo liendelee nje. Panga wanafunzi wanane mstari mmoja, wajipange kwa urefu kwa kulinganisha jirani na jirani tu, mwingine ahesabu milinganisho. Kila raundi mkimwacha aliyekwisha fika mwisho wa mstari, haiwezi kuzidi 28, yaani 7 na 6 na 5 kushuka hadi 1. Waulize ingekuwaje wangekuwa 16. Wengi watasema 56. Jibu ni 120, na ubishi utakaofuata ni sayansi ya kompyuta tupu.

Vumbi la Arusha kati ya Julai na Septemba ni jembamba kuliko unga, linapita hata dirisha lililofungwa. Mara moja kwa muhula mashine zitolewe nje zikiwa zimechomolewa, zifunguliwe, zipulizwe. Zuia feni kwa kidole au kijiti wakati wa kupuliza; ikizungushwa kwa kasi na upepo inaweza kuharibika. Usifagie chumba kwa ufagio mkavu, piga deki. Kuhusu wezi, nondo za madirisha kila mtu anazikumbuka, dari inasahaulika. Bati likifunuliwa usiku, jipsamu haizuii mtu. Weka wavu wa chuma juu ya dari.

La watu ni fupi ila ndilo linalofunga vyumba vingi. Mwalimu mmoja mwenye ujuzi akipata uhamisho, ufunguo unabaki kwa mkuu wa shule na buibui wanaingia. Wawe walimu wawili tangu siku ya kwanza, hata kama wa pili ni wa hesabu au jiografia. Vyuo viko karibu: Chuo cha Ufundi Arusha, Chuo cha Uhasibu Njiro, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Andika barua mapema kuomba wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na uitaje kazi kwa jina: kubadilisha diski 20, kutengeneza kebo 24. Barua inayoomba "msaada wa TEHAMA" huleta kijana atakayekaa ofisini kuchapa mitihani. Kila mashine ipewe namba ya rangi mgongoni na mstari wake kwenye daftari: tarehe, ilichougua, alichofanya nani. Iliyokufa isifichwe stoo. Ni mali ya serikali na ina utaratibu wake wa kufutwa kupitia halmashauri, lakini kabla ya hapo RAM na diski yake zinaweza kuokoa nyingine mbili, mradi zihamishwe kwa maandishi.

Desemba mkifunga, chomoa kila plagi ukutani pamoja na kebo ya mtandao inayotoka nje, maana radi hupita humo pia. Funika kwa khanga au shuka la pamba. Nailoni inafungia unyevu wa vuli ndani. Sogeza meza mbali na ukuta kiasi cha kiganja ili mchwa waonekane wakianza kujenga. Januari mkirudi, kagua waya uliotafunwa na panya kabla ya kugusa breka, kisha washa mashine nne nne. Zikiamshwa 20 kwa pamoja, mkupuo wa kwanza wa umeme unaangusha breka hata kama nyaya ni nzima.